Kliniki ya presha, Ngamiani: foleni ndefu, maelezo yanaeleweka
Mama yangu nampeleka kliniki ya presha kwenye zahanati moja ya binafsi hapa Ngamiani, Tanga. Jengo la kawaida tu, mabenchi ya mbao, feni inazunguka kwa kujivuta. Tulihamia pale kwa ajili ya nesi wa chumba cha vipimo.

Hapimi mtu aliyeshuka kwenye bodaboda sasa hivi. Unakaa kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono juu ya meza, na kusogoa marufuku. (Mama kunyamaza dakika tano! Lakini anatii.) Kisha anamwonyesha namba: ya juu moyo unasukuma, ya chini moyo unapumzika, na ikigonga 140 kwa 90 au zaidi kila ukipimwa, hiyo ni presha hata kama kichwa hakiumi. Mama alizoea kumeza dawa siku kichwa kikimgonga tu. Tulikotoka waliandika namba kwenye kadi, wakaifunga, "haya, mwingine."

Dawa nazo. Bahasha imeandikwa 1x1 kama kawaida, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku. Nesi haulizi "umeelewa?", maana hapo kila mzee ataitikia ndiyo. Anauliza: "Mama, mwanao akitaka kujua hii unaimezaje, utamwambiaje?" Mama akajibu atameza mpaka bahasha iishe. Ndipo akaelezwa kuwa ikiisha anarudi kuchukua nyingine, na amlodipini, hiyo dawa yake ya presha, ikimvimbisha miguu aje aseme, asiache kimya kimya.

Waligombana kwenye chumvi. Kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo ndani ya achari na ng'onda. "Na papa je?" Aloweke, amwage maji, na isiwe kila siku. Mama alinuna njia nzima.

Kasoro zipo. Foleni inachosha. Bango la kiharusi ukutani ni la Kiingereza kitupu, na chini yake wamekaa wazee wanaosoma Kiswahili bila shida. Kitambaa cha kufunga mkono ni saizi moja; mwenye mkono mnene kinambana, namba inatoka kubwa kuliko ilivyo. Hilo nimewaambia, bado nasubiri.

Ukienda, beba dawa zote unazotumia, hata za mitishamba. Nesi ataziuliza.