Sensa ya torki ya baiskeli ya umeme: uliza kwanza inapima mguu gani

Jumbe mnazonitumia siku hizi zinafanana sana. Mtu amenunua mota ya kuweka kwa baiskeli, muuzaji akamhakikishia iko na sensa ya torki, yaani ya kupima nguvu unayokanyaga nayo pedo, lakini akianza kupanda mlima wa Riat hapa Kisumu mota inavuta, inaacha, inavuta tena, inaacha. Kabla ulaumu betri, jua hiyo sensa inapima mguu gani.

Sensa nyingi za ekseli ya kati, ile ya pedo, zinasoma vile ekseli inajipinda. Ukikanyaga na kushoto, nguvu inapita ndani ya ekseli hadi upande wa pili kwa ile gia kubwa ya cheni, ekseli inajipinda, sensa inasoma. Ukikanyaga na kulia, nguvu inaingia kwa gia moja kwa moja kwa sababu gia imeshikana na kranki (mkono wa pedo) ya kulia, ekseli haijipindi, kwa hivyo sensa haioni kitu. Kontrola, ile kompyuta ndogo ya mota, inabaki kukisia kutoka kwa mguu wa kushoto. Pale tambarare hutajua, lakini simama Kondele na gunia la omena nyuma halafu uanze na mguu wa kulia vile wengi wetu huanza, mota itanyamaza kabisa mpaka zamu ya kushoto ifike na matatu iko nyuma yako inapiga honi. Hata sensa ya X-Cell RT ya Thun, kitu ya Ujerumani imeundwa vizuri, inapima kushoto pekee.

Namba moja yangu ni mota ya TSDZ2 ya Tongsheng na siombi msamaha. Inasoma miguu yote, inaingia kwa fremu ambazo bomba la ekseli ya pedo lina upana wa milimita 68 au 73 (pima kwanza, usikisie), na inakuja na kranki zake kwa hivyo mwenye Black Mamba anaachana kabisa na kotapini, zile pini za kushika kranki. Ukiwasha, miguu iwe chini, maana hapo ndipo inajiwekea sifuri na ukiwa umekanyaga pedo itasoma vibaya safari nzima. Ndani iko na gia ya nailoni ambayo huisha ukibeba mizigo mizito, agiza ya akiba mapema.

Bosch inafuata. Kwa kupima iko juu ya zote, inasoma zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, lakini huwezi kununua mota peke yake uweke kwa fremu yako, lazima baiskeli nzima, na hapa Kisumu ikiharibika utapeleka wapi?

Bafang BBS02 ni mota yenye nguvu sana ila haina sensa ya torki, inajua tu pedo zinazunguka. Vilevile hizo mota za bei ya chini zenye kisahani cha sumaku cha kuhisi pedo zikizunguka.

Na hapa ndipo nakasirika. Kuna wauzaji wanachukua hicho kisahani cha sumaku wanaandika sensa ya torki, wanaongeza bei, ukiuliza wanasema zote ni sawa. Si sawa! Mtu ameweka akiba ya boda mwaka mzima. Kabla utume pesa mwambie akutumie video, baiskeli imesimama, gurudumu la mbele limeegemezwa ukutani, akanyage pedo ya kulia peke yake polepole bila kuzungusha, tuone kama wati zinapanda kwa skrini. Kisha kushoto. Akikataa, pesa ibaki kwa simu yako.