Joto lisipotelee dohani: ununue nini kwanza kwa boila ya kuni na mafuta

Huku Maine, jimbo lenye baridi la Marekani, nyumba nyingi bado hupashwa joto kwa mafuta, na nyingine, kama yangu, zina boila kuukuu ghorofa ya chini, yaani mtambo wa kuchemsha maji ya kupasha nyumba joto, inayotumia kuni na mafuta pia. Joto lake hupotea kwa njia mbili: moto ukiwaka, moshi hutoka ukiwa moto kupita kiasi, moto ukizimika, dohani huendelea kuvuta hewa inayopita ndani ya boila na kuipoza. Kabla ya kulipa, uliza kifaa kinatibu hasara ipi kati ya hizo mbili.

Namba moja ni kipimajoto cha sumaku cha kubandika kwenye bomba la moshi, pamoja na brashi. Masizi ni kama blanketi, hulizuia joto lisiingie kwenye maji. Sindano ikizidi kupanda wiki hadi wiki kwa moto uleule, zima, acha ipoe, sugua. Hakuna pesa yangu iliyorudi upesi kama hiyo.

Pili, vipande vya chuma vilivyosokotwa vya kuchomeka ndani ya mirija ya boila inayopitisha moshi. Huuzungusha moshi ukaacha joto zaidi kabla ya kutoka. Chukua vya modeli yako tu, na usiupoze mno: moshi wa kuni ukishuka chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, huganda kuwa kreosoti, lami nyeusi inayowaka, nayo ikishika moto dohani huunguruma kama lori.

Tatu ni kilango chenye uzito cha kwenye bomba la moshi, kinachojifungua mvuto wa dohani ukizidi. Bei yake si kubwa. Kwa mafuta kinafaa sana. Kwa kuni, fuata kitabu cha boila.

Nne, kilango cha mota, kinachojifunga kichomeo kikizima. Ni dawa ya hasara ile ya pili, lakini kwa bomba la moshi wa mafuta pekee. Makaa ya kuni hutoa kaboni monoksidi hata yakionekana yamelala. Ukiyafungia njia, umejiwekea sumu chumbani.

Mwenye fedha na nafasi aanze na tangi kubwa la kuhifadhi maji ya moto: unawasha kuni kavu kwa moto mkali, unamaliza, badala ya kuzibania hewa zifuke usiku kucha.

Cha mwisho kabisa ni kisanduku cha feni kinachofungwa kwenye bomba "kuokoa joto". Nilikinunua. Kabla baridi haijaisha mirija yake ilikuwa imeziba lami nyeusi inayonata. Sasa naweka misumari ndani yake.