Mzee wa krenki, Ng'ambo Tabora: nyota nne, ya tano kaipoteza mwenyewe

Nianze na hela, maana najua ndicho mtakachouliza: shilingi 180,000. Hapo ni kubalansi krenki (ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni), yaani kuusawazisha uzito wake, kufunga beringi mpya ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) niliyokwenda nayo mwenyewe, na kuinyoosha krenki. Kushusha injini na kuirudisha ni kazi nyingine, hiyo alinifanyia kijana wa kwetu Isevya.

Pikipiki ni BSA B31 ya Kiingereza, silinda moja, injini ya cc 348. Baba aliinunua Urambo mwaka 1963 alipokuwa bwana shamba wa tumbaku, ikiwa imeshapita mikono kadhaa. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza B31 mwaka 1959, kwa hiyo hata iliyo mdogo wao wa mwisho sasa hivi ni bibi.

Miaka miwili iliyopita niliipeleka gereji moja ya Dar ifanyiwe ovaholi. Ikarudi inang'aa, pistoni mpya ya ovasaizi, kubwa kidogo kuliko ya kiwandani, konrodi mpya, inawaka kiki ya pili. Lakini ikifika kilomita 60 kwa saa ni kama umekalia mashine ya kusaga. Kioo cha pembeni hakionyeshi kitu, balbu ya nyuma inaungua kila baada ya siku chache, mkono wa tangi ukapasuka penye weldi. Nilipopiga simu nikajibiwa, "Mama, pikipiki za zamani zote ndivyo zilivyo." Jamani. Mimi nimebebwa juu ya tangi la pikipiki hiyohiyo nikiwa na miaka saba, baba akinipeleka Kwihara kuona tembe la Livingstone, na meno hayakugongana hata mara moja.

Kwa mzee nilielekezwa na fundi baiskeli. Hana kibao. Yuko nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, banda la mabati, mashine moja kuukuu ya kukereza na meza ya mbao iliyolowa oili mpaka imekuwa nyeusi. Ukiuliza jina hawakuelewi, uliza mzee wa krenki. Alinipokea kwa "Karibu mwanangu", na alipojua nafundisha hisabati nikawa "Mwalimu" mpaka tunaagana. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akanifukuza. Nilikuwa nimeleta krenki peke yake. "Pistoni iko wapi? Ringi? Pini? Vile viklipu vyake? Nitapima nini, hewa?" Nikarudi nyumbani na bodaboda kuvichukua vyote.

Na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, kwa sababu hesabu yote imekaa kwenye vitu hivyo. Krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pistoni inasimama na kugeuza mara 6,000. Kila inapogeuza inaivuta injini nzima iende nayo. Kwa hiyo upande wa pili wa flaiwili, yale magurudumu mazito ya krenki, kunawekwa uzito wa kuivuta kinyume. Tatizo ni kwamba pistoni inapanda na kushuka tu, wakati ule uzito unazunguka. Ukiufanya utoshe kabisa kuizuia pistoni, mtetemo wa juu na chini unakufa, unazaliwa wa mbele na nyuma. Mzee alilisema hivi: "Silinda moja haitulii, Mwalimu. Wewe unachagua tu ikupige wapi." Ndiyo maana unabalansi sehemu tu ya uzito unaopanda na kushuka, nusu na kitu. Kwa yangu alichagua asilimia 55.

Mizani ndogo ya dijitali aliazima kwa jirani yake muuza asali. Ilikuja tayari imewashwa na inasoma gramu 4 bila kitu juu yake, kwa sababu sahani ilikuwa na tone la asali limegandia pembeni. Mzee hakubonyeza kitufe cha sifuri. Alichukua tambara lenye petroli akaisugua sahani mpaka ikasoma 0, kisha akainusa. Pistoni na vikorokoro vyake vyote: gramu 390. Ile ya zamani ya kiwandani, ambayo baba aliihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, 338. Tofauti ya gramu 52, na kule Dar hakuna aliyehangaika kuzipima.

Konrodi inapimwa kwa kulazwa sawasawa, kichwa kidogo juu ya mizani na kile kikubwa kimeshikwa usawa uleule. Ikasoma 180. Jumla ya vinavyopanda na kushuka ni 570, asilimia 55 yake ni 313.5. Konrodi ikining'inia kwenye krenki tayari imeshatoa zile 180 zake, kwa hiyo kinachobaki kuongezwa ni gramu 133.5. Mzee aliandika hayo kwa chaki kwenye mlango wa bati, akanigeukia kama mwanafunzi anayesubiri vema. Nikampa.

Kisha akaiweka krenki juu ya vyuma viwili vilivyonyooka, vimelazwa sambamba na kupimwa kwa pima maji huku na huku. Hapo ikitingishika kidogo tu inajibingirisha yenyewe mpaka upande mzito ukae chini. Alining'iniza kopo dogo kwenye kichwa cha konrodi na kuongeza nati ndogondogo. Akaniambia niisimamishe pini ya krenki, ile inayoshika konrodi, saa tatu. Nikamuuliza, tatu ya kusoma au tatu ya mshale? Akacheka hadi akakohoa. Ilikuwa ya mshale.

Majibu: jinsi ilivyotoka Dar, krenki ilitulia na gramu 42 tu kwenye kopo. Yaani 180 za konrodi na hizo 42, 222 kati ya 570, asilimia 39. Pistoni imeongezwa uzito, konrodi imeongezwa uzito, na uzito wa upande wa pili umeachwa vilevile. Alipoweka zile 133.5, pini ikashuka chini kama ndoo kisimani.

Dawa yake ni kutoboa upande wa pini ili upungue. Alitoboa matundu ya milimita 10, kidogokidogo, tundu moja flaiwili hii, la pili flaiwili ile, na kila baada ya mawili anairudisha krenki kwenye vyuma. Kadiri tundu linavyokaribia ukingo ndivyo gramu moja inavyofanya kazi kubwa, kwa hiyo ya mwisho aliyasogeza ndani ili asipitilize. Yalifika manane. Mwisho ukiiweka pini juu inakaa, chini inakaa, ubavuni inakaa. Nilikaa nayo dakika nzima nikiitazama isifanye kitu.

Kunyoosha sikukuona kote, umeme ulikatika. Ila kesho yake alinionyesha kwa saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha chuma kinavyoyumba: upande mmoja ulikuwa unayumba milimita 0.11, baada ya nyundo ya shaba pande zote mbili zikawa 0.02.

Sasa lawama. Aliniambia siku tatu, zikawa kumi na moja. Simu anazima mchana bila sababu. Risiti hana, nilimwandikia mimi mwenyewe kwenye karatasi ya daftari akatia sahihi. Na anaongea: kila kipimo kina hadithi ya pikipiki ya padri fulani aliyeitengeneza zamani, na mkono unasimama mpaka hadithi iishe. Kwa siku kumi na moja ningeweza kuwahurumia mapadri zaidi, lakini nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Hapo ndipo nyota ya tano ilipokwenda. Pia hana mashine ya kubalansi krenki ikiwa inazunguka. Kwa silinda moja, ambayo flaiwili zake mbili zimekaribiana, njia ya vyuma inatosha. Mtu mwenye silinda nne alikuja nikiwepo, mzee akamrudisha mlangoni, na hilo nalihesabu upande wa sifa.

Jumamosi niliipeleka Urambo, kama kilomita 90. Inatetemeka bado kwenye 80, miguuni zaidi kuliko mikononi. Kwenye 60 mpaka 70, ambako ndiko ninakoendesha, inanguruma tu. Kabla hatujafika Urambo nilisoma namba ya basi lililokuwa nyuma yangu kwenye kioo, herufi zote, nikalipisha. Balbu ya nyuma ni ileile, wiki ya tano hii.

Ukienda, peleka pistoni, ringi, pini na klipu mbili, zote zile utakazofunga, si zinazofanana nazo. Ijumaa usiende. Anafunga mapema kwenda msikitini na harudi mpaka kesho yake. Na ule mlango wa bati usiufute kwa bega lako, hesabu ya mteja mwingine inaweza kuwa iko hapo.