Search Console na IndexNow kwa tovuti za Lubumbashi: kipi kinaingiza kurasa Google, kipi kinakula mega bure

Search Console ya Google, chombo cha bure kinachoonyesha jinsi Google inavyoiona tovuti yako, naipa nyota nne kati ya tano. IndexNow, njia ya kuziarifu injini nyingine za utafutaji kwamba ukurasa umebadilika, naipa tatu. Wale wanaouza "indexation ndani ya saa 24" (kuingiza kurasa kwenye orodha ya Google) kwa dola siwapi hata moja, na sababu iko huko chini. Tovuti ninazozishughulikia ni za hapa Lubumbashi: maduka ya vipuri, shule, hoteli ndogo. Nyingi ni WordPress kwa Kifaransa, kwa hiyo majina ya vitufe nayaacha jinsi yanavyoonekana kwenye skrini.

Kwanza kuiunganisha. Search Console inakuuliza kama utathibitisha domeni nzima au anwani moja inayoanza na https. Chukua domeni nzima, maana inakusanya yenye www na isiyo na www, http na https, zote pamoja. Uthibitisho wake ni rekodi ya TXT kwenye DNS (kitabu cha anwani cha domeni), inayoanza na google-site-verification=. Watu hukwama hapa kwa mambo mawili. Wengine wanaweka rekodi kwa muuzaji wa domeni wakati nameserver (seva zinazojibu maswali ya DNS) zilishahamishiwa Cloudflare, hivyo rekodi inakaa mahali ambapo hakuna anayeiuliza. Wengine wanaandika domeni nzima kwenye sehemu ya jina, paneli inaiongeza tena nyuma, inakuwa duka.cd.duka.cd. Andika @ peke yake.

Kitufe cha "Demander une indexation" ndicho kinachokimbiliwa na kila mtu, na ndicho chenye nguvu ndogo kuliko vyote. Kinaupanga ukurasa kwenye foleni, basi. Kina kikomo cha kila siku, na kukibonyeza tena kwa ukurasa uleule hakusogezi kitu. Google wenyewe wanasema kusubiri kunaweza kuwa siku chache au wiki kadhaa. Nakitumia kwa ukurasa mpya wenye uzito au kwa bei iliyobadilika, si kwa katalogi nzima.

Nyota nne zinatokana na "Inspection de l'URL" yenyewe. Kabla ya kuomba chochote, endesha jaribio la moja kwa moja, kisha fungua HTML (msimbo wa ukurasa) ambayo Googlebot, roboti ya Google inayosoma kurasa, imeipata uisome. Mwenye duka atakuambia tovuti iko sawa kwa sababu inafunguka kwenye simu yake pale Kampemba. Lakini Googlebot hupita hasa kwa anwani za IP za Marekani. Kama aliyeweka ulinzi alifunga nchi za nje ili kuzuia wadukuzi, au kama hosting inamwekea kila mgeni ukurasa wa "thibitisha wewe si roboti", jaribio litarudisha 403 (umekataliwa) na wewe mjini huoni tatizo lolote. Ondoa kizuizi hicho kwa Googlebot halisi, anayetambulika kwa kuuliza DNS kinyume: jina linalorudi liishie na googlebot.com au google.com, kisha jina hilo lirudishe IP ileile. Usiamini jina la user agent (utambulisho ambao mgeni anajiandikia) peke yake, hilo mtu yeyote anaweza kuliandika.

Kwa WordPress kuna kosa linalojirudia kuliko yote: Réglages, kisha Lecture, kisanduku cha "Demander aux moteurs de recherche de ne pas indexer ce site". Fundi anakitia alama wakati wa kujenga, anakabidhi kazi, hakuna anayekitoa. Kila ukurasa unabeba noindex, yaani agizo la kutouingiza. Na ukijaribu kurekebisha huku robots.txt, faili inayoiambia roboti isiingie wapi, inakataza anwani zilezile kwa mstari wa Disallow, roboti haitaingia kuona kwamba noindex imeondoka. Fungua robots.txt kwanza.

Sasa sehemu yenye faida kubwa, ripoti ya kurasa. Humo kuna hali mbili zinazofanana kwa jina na watu wanazitibu kwa dawa moja, ilhali ni magonjwa tofauti.

"Détectée, actuellement non indexée" maana yake Google inaijua anwani lakini haijaja kuichukua. Hapo angalia seva na wingi wa anwani. Ingia "Paramètres", fungua "Statistiques sur l'exploration", soma muda wa wastani wa kujibu na idadi ya majibu ya 5xx (makosa ya seva). Kuna ofisi hapa mjini zinazoweka tovuti kwenye kompyuta ya ndani. SNEL, shirika la umeme, wakikata umeme na bateri ikaisha, roboti inagonga bila jibu, na makosa yakizidi Google inapunguza mwendo wa kuja. Ikidumu, hata kurasa zilizokuwa zimeingia zinaanza kutolewa. Tovuti ya biashara ikae kwenye hosting yenye umeme wa uhakika, hata kama iko Ulaya. Kwa maduka ya WooCommerce (plagini ya duka ya WordPress), chunguza pia anwani zenye ?orderby= na ?add-to-cart= pamoja na vichujio vya rangi na saizi. Bidhaa chache zinaweza kuzaa anwani maelfu, na roboti inamaliza muda wake humo. Hizo ndizo za kuwekea Disallow.

"Explorée, actuellement non indexée" ni kesi nyingine. Google ilikuja, ikasoma, ikaacha. Hapa kitufe cha kuomba hakisaidii kabisa. Mfano ni ukurasa wa kipuri ulioandikwa "Amortisseur avant Toyota, disponible, appelez-nous", picha moja, namba ya simu, na kurasa nyingine ishirini zilizo sawa isipokuwa neno moja. Weka namba ya kipuri iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, modeli na miaka ya gari kinayoingia, upande wa kushoto au wa kulia, kipya au occasion, bei kwa dola, na mteja anakichukulia wapi. Kama huna maelezo hayo kwa kila kimoja, unganisha: ukurasa mmoja wa amortisa zote wenye jedwali, na anwani za zamani zielekezwe huko kwa 301 (uelekezaji wa kudumu). Binafsi napendelea kuunganisha. Wateja wanaotafuta kwa simu wanataka jibu moja lenye bei.

Ramani ya tovuti (sitemap), faili inayoorodhesha kurasa zake, haina mambo mengi. WordPress inatengeneza wp-sitemap.xml yenyewe tangu toleo la 5.5 la 2020. Faili moja inabeba anwani 50,000 au MB 50 kabla ya kubanwa, kiasi ambacho duka la hapa haliwezi kukifikia. Google haisomi priority (umuhimu wa ukurasa) wala changefreq (unabadilika kila baada ya muda gani). Inasoma lastmod (tarehe ya badiliko la mwisho), mradi iwe ya kweli. Plagini inayobadilisha tarehe za kurasa zote kila usiku inafanya tarehe hizo zisiaminike. WordPress yenyewe ilianza kuandika lastmod kwenye toleo la 6.5, kwa hiyo aliye nyuma ya hapo asasishe. Ukiona "Impossible de récupérer", fungua faili kwenye kivinjari. Mara nyingi kuna mstari mtupu kabla ya <?xml, umetoka kwenye functions.php ya themu baada ya mtu kuihariri. Ufute huo mstari. Na yule anayekuambia "tuma ping ya sitemap kwa Google" (kuiarifu kwa kufungua anwani maalumu) anafundisha ya zamani: njia hiyo Google waliifunga, walitangaza mwaka 2023.

Kiungo kutoka ukurasa wa mbele kinafanya kazi kuliko ramani. Bidhaa mpya ikae kwenye ukurasa wa mbele mpaka iingie.

IndexNow ilianzishwa Oktoba 2021 na Microsoft Bing pamoja na Yandex, baadaye wakajiunga Seznam na Naver. Google haimo, na ndiyo sababu ya nyota tatu, maana wateja wa hapa wako Google kwenye Android. Kuiweka ni rahisi mno: tengeneza ufunguo wa herufi 8 hadi 128, uweke kwenye faili ya txt kwenye mzizi wa tovuti, kisha tuma anwani kwa api.indexnow.org. Ombi moja la POST linabeba hadi anwani 10,000, na ukimwambia mmoja anawaambia wengine. Jibu la 200 ni sawa, 202 wamepokea lakini ufunguo bado unakaguliwa, 403 faili ya ufunguo haionekani, 422 umetuma anwani zisizo za domeni hiyo, mara nyingi www imechanganywa, 429 umezidisha. Kumbuka kwamba 200 inasema ujumbe umefika, haisemi ukurasa umeingia. Kwa Cloudflare unawasha Crawler Hints na kazi imekwisha. Bing Webmaster Tools nayo inakubali kuhamisha tovuti moja kwa moja kutoka Search Console, hakuna kuthibitisha upya.

Wauzaji wa "indexation" sasa. Wengi wanapitisha anwani zako kwenye Indexing API ya Google, mlango wa programu kutuma anwani moja kwa moja. Hiyo ni kwa kurasa za matangazo ya kazi zenye JobPosting na video za moja kwa moja zenye BroadcastEvent tu, na mgao wa kawaida ni maombi 200 kwa siku kwa mradi. Kipuri cha Toyota si tangazo la kazi. Roboti inaweza kuja haraka, ukurasa ukaonekana, halafu ukadondoka ukisharudi kupimwa kama kurasa nyingine. Wengine wanamwaga viungo kwenye tovuti chakavu. Fungua "Liens" ndani ya Search Console baada ya muda, utaziona zimeorodheshwa: kasino, dawa, na blogu zisizo na mwandishi.