Uzoefu wangu: shule ya upili ya umma kitongojini Minneapolis

Tulihamia vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, ambako Wakenya ni wengi, binti yetu akiwa amemaliza Kidato cha Pili. Akaingia gredi ya 10 katika shule ya upili ya umma iliyo karibu nasi. Jina la shule silitaji, ila yaliyotupata nayaeleza kwa ajili ya wazazi wanaofika kila mwaka bila mwenyeji.

Kuandikisha mtoto si kazi: uthibitisho kwamba unaishi eneo hilo, cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo. Karo hakuna. Karatasi za uhamiaji pia hazizuii, maana Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba mtoto hanyimwi shule ya umma kwa sababu hizo. Basi la manjano linamchukua karibu na nyumbani, na tangu 2023 jimbo la Minnesota hulipia staftahi na chakula cha mchana shuleni.

Kilichotusumbua ni hisabati. Kenya watoto husoma aljebra, jiometri na trigonometria kwa pamoja, na ripoti huandika tu Hisabati. Huku kila tawi lina mwaka wake: aljebra ya kwanza, halafu jiometri, halafu aljebra ya pili. Mshauri wa masomo hakuona jiometri popote kwenye ripoti, basi akamweka darasa moja na watoto wa gredi ya 9. Akawa anarudia pembetatu alizozimaliza zamani. Niliumia sana, na bado nasema shule ilikosea: mtoto akitoka nchi nyingine, mpimeni kwanza. Nikapeleka silabasi ya Kenya na madaftari yake. Mwalimu mmoja wa hisabati akakaa naye baada ya masomo, akampa maswali, akamwombea yeye mwenyewe apandishwe. Mwalimu huyo namwombea heri mpaka leo.

Mtihani wa Kiingereza walimpa pia, kwa kuwa kwenye fomu ya lugha tulijaza Kiswahili. Akapita, yakaisha.

Maabara ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Majaribio ya kemia aliyozoea kumtazama mwalimu akiyafanya mbele ya darasa, hapa anayafanya kwa mikono yake. Na upo mpango wa PSEO, ulioanza Minnesota mwaka 1985: mwanafunzi wa gredi ya 11 au 12 akikubaliwa husoma kozi za chuo, na jimbo linalipa karo na vitabu. Tangazo lake lilikuja kwa baruapepe katikati ya mengine chungu nzima. Mimi nililisikia kwa mama mmoja kanisani. Mshauri ana mamia ya wanafunzi, hatakufuata. Mwandikie, asipojibu nenda ofisini.

Shule hii naipendekeza kwa moyo wote. Mkija, ripoti na silabasi zikae kwenye mkoba wa mkononi, na mwombeni mshauri mtihani wa hisabati kabla hajawapa ratiba.