Korg Polysix ya 1981: nimekaa nayo miezi saba hapa Tabora

Kila anayekuja kwangu Isevya anauliza hicho kinanda chenye mbao ubavuni nimekitoa wapi. Ndo hiyo Polysix, sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti zake chenyewe, cha kampuni ya Korg ya Japani. Nilikitoa Ujiji, kwa mzee mmoja aliyewahi kupiga bendi, kilikuwa juu ya kabati kimefunikwa kanga mbili na mwenyewe anasema kilinyamaza zamani sana. Nikamwomba, mzee wangu, kabla hatujaongea bei naomba nikifungue. Akakubali. Na hapo ndo pa kuanzia kwa yeyote anayeitamani hii mashine.

Ndani kuna bodi inayotunza memori ya sauti ulizozitengeneza, na juu yake Korg walichomelea betri ya kuchaji moja kwa moja. Betri ikizeeka inavuja, yale maji yake yanatembea kwenye bodi yanakula njia za shaba taratibu mpaka vitufe vinachanganyikiwa, unabonyeza hiki inaitika ile sauti nyingine. Polysix nyingi duniani zimefia hapo. Ya mzee nilikuta ule ukungu wa kijani umeshaanza ila haujafika mbali, tukakubaliana laki tisa, nikapanda nayo treni Kigoma mpaka Tabora usiku kucha nimeilalia.

Fundi redio wangu aling'oa betri, akasafisha kwa siki maana yale maji ni alkali na siki ni asidi, akarudishia njia tatu kwa waya mwembamba, halafu akaweka betri ya kidonge, ile bapa ya kama saa, pamoja na dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili mashine isijaribu kuichaji. Wiki nzima kazi ile. Tulipowasha ikaita, sauti zote sita, yaani noti sita kwa mpigo, jamani nilikaa chini.

Sasa tuongee sauti yenyewe. Hii ni analogi kweli, sauti inazaliwa kwenye umeme papo hapo, hakuna rekodi ya piano humo ndani. Ukibonyeza noti sita kila moja inapata osileta yake, inayozaa mlio, na filta yake, inayopunguza au kufungua ukali wa mlio, na filta ni chipu ya SSM2044 aliyoibuni Dave Rossum, na hizo sita hazilingani asilimia mia, moja inafunguka mapema kidogo nyingine inachelewa, ukishika kodi ndefu unaisikia inatembea kama waimbaji sita wanaopumua kila mtu kwa pumzi yake. Nimepiga kibodi za kisasa miaka mingi kwenye kwaya na hilo sijawahi kulikuta. Ukiwasha ile efekti ya ensembo, inayoinenepesha sauti kama wapigaji wengi, ndo basi, zinakuwa nyuzi za violini nzito, nyimbo za taratibu za Pasaka nilipiga hivyo na mwalimu wa kwaya akasimamisha mazoezi akauliza hiyo ni nini.

Wakusanyaji wanaipendea hapohapo. Mwaka 1978 Prophet-5, sinthesaiza ya Kimarekani, ilikuja na sauti tano kwa dola elfu nne hivi, mwanamuziki wa kawaida akabaki kuitazama dirishani. Korg wakaleta Polysix chini ya dola 2,000, sauti sita, memori 32 na arpejieta, inayozipiga noti za kodi moja moja yenyewe, ndo watu wa kawaida wakapata kugusa kitu kama hicho. Leo nzima inavuka dola 1,000, na hata mbovu haitupwi kwa sababu ya zile chipu.

Mapungufu yapo na nayasema wazi. Kii hazisikii nguvu ya kidole, ubonyeze kwa hasira au kwa upole sauti ni ileile. Haina midi, ile njia ya vinanda na kompyuta kupeana maagizo, kwa hiyo laptopu ya studio haiongei nayo, ingawa nje wanatengeneza bodi mbadala, unatoa ile iliyooza unaweka mpya na midi inakuja humohumo. Kuhifadhi sauti zako nje ya mashine ni kwa kaseti, nami nimetafuta redio kaseti nzima soko zima. Osileta zinahama kidogo mpaka zipate joto, mimi nawasha robo saa kabla ya kupiga. Na umeme wetu unavyopanda na kushuka usiichomeke bila stabilaiza, pia soma kibandiko cha nyuma, zilizotoka Japani ni volti 100 na ukiingiza 230 umeiua.

Bendi za zamani za hapa, Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids, zilijenga jina la mji huu kwa magitaa na mabomba, na mimi nikiweka Polysix chini ya gitaa la solo kwa mtindo wa bendi hizo naona inakaa vizuri mno, haigombani na gitaa, inalibeba. Nitarekodi mbili tatu mwaka huu.

Mtu wa Dar amenifikia milioni tatu, siuzi. Ila kama unatafuta kinanda cha harusi chenye bit ya sebene na sauti ya piano, chukua kibodi ya kawaida, hii haina bit hata moja.