Miaka 2 Sinza hadi Kariakoo kwa baiskeli: uzoefu wangu

Baiskeli yangu ni ya mtumba kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele, kiti kipana na fremu iliyoinama katikati, ambayo mwanamke aliyevaa sketi au dera anaipanda bila kurusha mguu. Gurudumu inchi 26, gia 3, taa ya dinamo, na kufuli la duara lililofungwa moja kwa moja kwenye fremu, linalobana gurudumu la nyuma. Niliambiwa 260,000, tukapatana 210,000. Nikaongeza helmeti ya 35,000 na mnyororo wa kufungia wa 15,000. Mwezi ujao natimiza miaka 2 nikienda nayo kazini, kwenye duka la vitambaa Kariakoo, hapa Dar es Salaam, kama kilomita 9 asubuhi na 9 jioni, siku 6 kwa wiki. Wanawake wenzangu hunisimamisha njiani kuniuliza, wengine huniuliza dukani huku napima vitambaa, na siku zote nawajibu juu juu. Hapa nasema yote, mazuri na machungu.

Kilichonipeleka kununua ni nauli. Bodaboda ya kunitoa nyumbani hadi barabara kubwa, kisha basi, kwenda na kurudi, ilikuwa inanila 3,500 kwa siku. Siku 26 za kazi ni 91,000 kwa mwezi, na mimi nalipwa mshahara wa muuza duka. Ndani ya miezi 3 baiskeli, helmeti na mnyororo vilikuwa vimerudisha hela yake.

Lakini ukiniuliza leo kwa nini bado nainyonga, nauli siitaji kwanza. Nataja saa. Zamani nilitoka nyumbani saa 11:30 alfajiri na bado sikuweza kumwambia bosi nitafika saa ngapi. Siku nzuri dakika 50, siku mbaya saa 1 na nusu, na asubuhi ukiamka hujui leo ni ipi. Sasa natoka saa 12:15, na saa 1 kamili nafungua duka. Magari yawe yamesimama kuanzia Manzese mpaka Magomeni, mimi dakika zangu ni zilezile 40, zikizidi sana 45. Binti yangu wa darasa la 3 sasa anakunywa chai na mimi mezani, ananisomea alichoandika jana. Miaka yote ya nyuma nilikuwa namuacha amelala, namfunika shuka natoka. Kwa hili peke yake ningeinunua baiskeli hata kama isingeniokolea shilingi.

Njia yenyewe sasa. Kipande cha Barabara ya Shekilango ndicho ninachokiogopa mpaka leo. Baiskeli haina mahali pake, unabanana na magari, bajaji na watembea kwa miguu, na ukingo wa lami una mchanga unaoteleza. Pale natembea polepole, mkono mmoja kwenye breki, na daladala likisimama mbele yangu nasimama nyuma yake hata likikaa dakika 2. Silipiti upande wa kushoto kamwe, maana abiria anaruka chini bila kutazama. Upande wa kulia napo silipiti, maana dereva akiondoka anaingia barabarani kwa mkupuo.

Ukishaingia Barabara ya Morogoro mambo yanabadilika. Mradi wa mwendokasi, ambao mabasi yake yalianza kubeba abiria Mei 2016, ulijengwa pamoja na njia za pembeni za watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, jiji la kwanza la Afrika kuipata, na sisi wa baiskeli tunaukanyaga ule ukanda kila siku. Saa 12:30 asubuhi ni raha. Urafiki, Tip Top, Manzese, Mwembechai, mama wa chapati ndiyo kwanza anawasha jiko, hewa bado ina ubaridi, na wewe unapita tu. Ukifika Magomeni Mapipa unaachia pedeli, baiskeli inashuka yenyewe kuelekea Jangwani, upepo wa bonde la Msimbazi unakupiga usoni. Halafu unalipa: kutoka bondeni kupanda hadi kituo cha Fire ni gia ya 1 na pumzi. Wiki ya kwanza nilishuka nikasukuma. Wiki ya tatu nilipanda hadi juu bila kuweka mguu chini.

Jioni njia ileile ni nyingine kabisa. Kuanzia saa 11 eneo la Manzese nguo za mitumba zinatandazwa hadi kwenye njia, viatu vinapangwa, matoroli ya machungwa yanaegeshwa, na bodaboda wanaitumia kukwepa foleni, tena wakija kinyume. Mwenye meza ya viatu simlaumu, naye ana watoto kama mimi. Ila mwisho wa yote anayetolewa njiani ni mtu wa baiskeli, na akitolewa anakwenda kuchanganyika na malori. Hili linaniuma kwa sababu njia ipo, hela ilishatumika, zege lilishamwagwa. Kinachotakiwa ni kuisimamia ibaki wazi masaa mawili ya asubuhi na mawili ya jioni, na wafanyabiashara wapewe pa kukaa panapoeleweka.

Mwezi wa 11 mwaka jana nilianguka. Ilikuwa saa 1 jioni, giza limeshaingia, nipo karibu na Mwembechai. Bodaboda alikuja mbele yangu ndani ya njia ya baiskeli, hana taa, nikamuona akiwa hatua kama 5 tu. Nilikata kushoto, gurudumu la mbele likaingia kwenye ufa kati ya zege na udongo, usukani ukajikunja, nikaenda chini ubavu. Nakumbuka sauti ya helmeti ikigonga, kavu, kama mtu amevunja kifuu karibu na sikio. Bodaboda hakusimama. Aliyenifuata ni mama mmoja muuza karanga. Alinishika bega: "Pole mwanangu, usinyanyuke kwanza, kaa hapohapo." Akachukua chupa yake ya maji ya kunywa akaniosha goti, akafungua pindo la kanga akanifuta. Nilipoivua helmeti ilikuwa imepasuka juu ya sikio la kushoto, ufa wa urefu wa kidole. Kichwa changu hakikuwa na hata mchubuko.

Wiki 2 nilipanda basi. Nilivyorudi kwenye baiskeli nilirudi na helmeti mpya, taa ya kuchaji ya mbele pamoja na ile ya dinamo, taa nyekundu ya nyuma, na kizibao cha kuakisi mwanga kama cha mafundi wa barabara. Taa ya dinamo ina kasoro moja kubwa ambayo muuzaji hatakuambia: inawaka gurudumu likizunguka tu. Ukisimama kwenye makutano gizani, hakuna anayekuona.

Kuhusu jasho sitawadanganya. Dar kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 3 utafika umelowa mgongo, hata ukienda taratibu. Mimi nimebahatika: nyuma ya duka kuna choo chenye bomba. Naweka ndoo, sabuni, taulo dogo na blauzi 2 kwenye rafu ya stoo. Dakika 10 zinanitosha kuoga na kuvaa. Kama ofisini kwenu hakuna pa kujimwagia maji, fikiria sana kabla ya kununua, kwa sababu hilo ndilo limewashinda wenzangu 2 walioniiga. Jingine ni pa kuiweka. Yangu inashinda stoo kati ya majora ya vitenge. Nje ya duka, mitaa ya Kariakoo, nisingeiacha hata kwa mnyororo 2. Pampu yangu iliondoka siku niliyoingia kununua sukari.

Tuje kwenye chombo chenyewe, maana hapa ndipo nilipopoteza hela nyingi kwa kutojua.

Kwanza tairi. La kwangu ubavuni limeandikwa 26 x 1 3/8. Lilipoisha nilikwenda dukani nikasema nataka la 26, nikapewa la 26 x 1.95, la baiskeli za milimani. Fundi alihangaika nalo nusu saa, halikuingia. Namba 26 ni ileile lakini rimu si moja: kipenyo cha rimu yangu kimezidi kile cha baiskeli ya milimani kwa milimita 31. Hela sikurudishiwa. Soma tairi la zamani, andika namba yote pamoja na hiyo sehemu ya mwisho, nenda nayo. Ya 1 3/8 Kariakoo yapo, ila si kila duka, na usisubiri liishe kabisa.

Pili valvu. Kwa mwezi mzima baiskeli ilikuwa inaamka haina upepo. Niliziba pancha mara 2 kwa kijana wa kona, bado ikawa vilevile. Siku moja nikaipeleka kwa fundi mzee wa mtaani kwetu. Hakushika hata tyubu. Alilowesha kidole mate, akagusa juu ya valvu, povu dogo likatoka. "Mama, tyubu yako nzima. Anayekusumbua ni huyu hapa." Akafungua, akachomoa kimpira chembamba kama kiini cha kalamu, kimechanika kwa joto. Aliweka kingine akanitoza 500. Tangu siku hiyo natembea na vimpira 3 kwenye pochi.

Gia zangu, zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nazipenda sana. Mvua na vumbi haviziingii kirahisi, na mnyororo hauchezi. Lakini zikiharibika ndani, mafundi wengi wa barabarani watakurudishia baiskeli wakikushauri uifunge gia moja. Zikianza kuruka usikubali zifunguliwe haraka. Weka gia ya 2, kisha tazama kiboksi kidogo kilicho pembeni ya gurudumu la nyuma: kimstari cha ndani kinatakiwa kikae katikati ya alama. Kama hakipo, waya umelegea, na kuukaza ni kazi ya dakika 5 kwa vidole. Breki ya nyuma nayo inalia. Inashika vizuri, lakini kelele yake wanaisikia hadi ng'ambo ya barabara, na sijapata fundi aliyeinyamazisha zaidi ya wiki 1. Nimeizoea, na gizani imewahi kuwashtua watu waliokuwa wanakatiza njia huku wanatazama simu.

Mwaka wa kwanza matengenezo yote yalinila kama 120,000, pamoja na lile tairi la makosa. Hiyo haifiki hata nauli ya mwezi mmoja na nusu.

Masika ni habari nyingine. Mvua za mwezi wa 4 zikishuka kweli, bonde la Jangwani linajaa na barabara hufungwa, hapo hata basi halipiti, sembuse mimi. Hata bila mafuriko, maji yakituama huoni shimo wala mtaro usio na mfuniko. Sheria yangu ni moja: kama siuoni uso wa barabara, siendi na baiskeli. Masika yaliyopita nilipanda gari karibu siku 20, kwa hiyo hela ya nauli usiimalize yote, iweke pembeni. Ukishalowa mvua ya kawaida, futa mnyororo jioni ileile na tia matone ya mafuta. Unyevu wa Dar unaleta kutu usiku mmoja.

Maneno ya watu yalinisumbua miezi ya mwanzo. Konda mmoja alikuwa ananipigia kelele kila asubuhi, "Mama, kiuno!" na gari zima linacheka. Shemeji yangu aliniuliza kama nimefilisika. Siku hizi walinzi wa pale njiani wananisalimia, na yule konda akiniona anagonga bodi ya gari dereva anipishe. Mavazi si kikwazo kama wengi mnavyodhani: gauni la kawaida na suruali nyepesi ndani, mtandio ufungwe nyuma ya shingo kisha helmeti juu yake, pindo lolote lisining'inie upande wa mnyororo. Baibui refu ndilo nisiloshauri, lishawahi kumezwa na spoku za jirani yangu, ashukuru alikuwa anaanza kuondoka tu.

Kwa nani nashauri? Mtu ambaye kazini kwake si zaidi ya kilomita 12, ana maji ya kuoga na pa kuifungia ndani. Anayempeleka mtoto shule asubuhi, kwa barabara zilivyo sasa, hapana. Mwanangu simpakii barabara kubwa, namtembeza nayo uani tu.

Na kama umeshainunua na unaogopa, usianze Jumatatu. Toka Jumapili saa 1 asubuhi, magari ni machache, pita njia yako yote mpaka mlangoni kwa kazi halafu rudi, ukitazama wapi pana mashimo na wapi utashuka usukume. Mimi nilifanya hivyo Jumapili 3, ya kwanza na mume wangu akinifuata nyuma kwa bodaboda.